Ng'ombe Akishazaa: Historia ya Mbegu Bora, kutoka Zizi la Ufipa hadi Maabara



Katika mkutano wetu mkuu uliopita, kijana mmoja aliinua mkono akauliza: kama wenzetu wa nchi nyingine wanazalisha ng'ombe kwa njia ya chupa, kwa nini chama chetu kisichangishe fedha nasi tukaanza? Ukumbi ulicheka. Mzee mmoja akasema ndama asiye na dume hayo ni mambo ya wanga. Mwingine akamjibu kwamba jina la mji wetu lenyewe, Sumbawanga, linatuagiza tuutupe huo uchawi. Kicheko kikazidi, ajenda ikasonga mbele, na swali la kijana likabaki pale pale.

Sisi tunaoshika vitabu vya fedha vya chama tuliahidi kulijibu katika kijitabu hiki cha harambee. Tuseme mapema kwamba hatukusomea udaktari wa mifugo. Tumesomea hesabu, tunaishi mijini, na kazi yetu ya kila siku ni leja na mizania. Lakini tumekulia Chanji, ada zetu za shule zilitoka zizini, na kila mwaka tunatuma fedha nyumbani kwa ajili ya ng'ombe tunaowaona kwenye picha za simu tu. Tumeona jibu la haki kwa kijana yule ni kusimulia mambo yalikotoka, hatua kwa hatua, ili kila mchangiaji ajue shilingi yake inaingia kwenye historia gani.

Zizi la babu zetu

Wafipa hawakuwa watu wa kuhamahama na mifugo. Walikuwa wakulima waliofuga. Walilima kwa matuta ya duara ya ntumba, wakifukia nyasi chini ya udongo ili zioze ziwe mbolea, na walikuwa mafundi wa kuyeyusha chuma katika tanuru ndefu za udongo. Ng'ombe alikuwa mahari, samadi, ngozi, nyama ya sherehe na akiba ya siku mbaya. Jembe la kukokotwa lilipoenea, akawa pia nguvu ya shamba. Wengi wetu tunakumbuka majina ya maksai wa nyumbani kuliko tunavyokumbuka majina ya walimu wa darasa la kwanza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilishuka kutoka kaskazini mwa Afrika Mashariki, ikapita kwenye ukanda ulio kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, ikaendelea hadi kusini mwa bara. Iliua ng'ombe na nyati kwa wingi usiosahaulika. Ng'ombe tuliowakuta sisi ni uzao wa waliosalimika na wa wale walioletwa baadaye kuziba pengo. Dawa ya kudumu ilipatikana jirani zetu: pale Muguga, Kenya, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo ya sotoka karibu na mwaka 1960, na mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba ugonjwa huo umetokomezwa. Kwa hiyo msomaji asidhani sayansi ya ng'ombe ni ya Ulaya na Marekani tu. Moja ya ushindi wake mkubwa umepatikana katika ukanda wetu huu.

Katika zizi la babu, uchaguzi wa mbegu ulikuwepo. Haukuandikwa, ila ulikuwepo. Ndama dume aliyekuwa na mama mwenye maziwa, mpole, asiyekonda kiangazi, aliachwa awe dume la zizi. Wenzake walihasiwa wakawa maksai. Kwa namna hiyo, kizazi baada ya kizazi, tulipata ng'ombe anayeweza kulima asubuhi, kula nyasi kavu za Septemba, kuvumilia baridi ya Juni na kupe wa masika, na bado akazaa. Mwaka 2012 watafiti wa Uyole na wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, walichapisha utafiti juu ya ng'ombe wa Kifipa, wakimweleza kama aina yenye umbo na sifa zake katika nyanda za juu kusini magharibi. Yule tunayemwita kwa dharau "ng'ombe wa kienyeji" ana faili lake katika maandiko ya kisayansi, na faili hilo linastahili heshima.

Udhaifu wake tunaujua pia. Maziwa lita moja au mbili kwa siku baada ya ndama kunyonya. Na kutoka ndama mmoja hadi mwingine, katika ufugaji wetu wa asili, mara nyingi hupita mwaka mmoja na nusu, hata miaka miwili. Shika jambo hili la pili, maana ndiko hesabu yetu inakoelekea.

Dume la kisasa

Juhudi za kuboresha mbegu nchini zilianza zamani. Wajerumani walifungua kituo cha mifugo Mpwapwa mwaka 1905. Waingereza waliokuja baadaye walikiendeleza, na hapo ndipo alipotengenezwa ng'ombe wa aina ya Mpwapwa, mchanganyiko wa Red Sindhi na Sahiwal kutoka Bara Hindi, zebu wetu, Boran, Ankole, na damu kidogo ya Ulaya. Alitambuliwa kama aina kamili mwaka 1958. Kazi hiyo ilichukua miongo kadhaa ya kupandisha, kupima maziwa, kuandika na kuondoa wasiofaa.

Baada ya Uhuru, Serikali iliweka mashamba ya kuzalisha mitamba, na la Kitulo kule juu Makete likawa maarufu kwa Friesian wanaostahimili baridi. Mashirika nayo yakaja na utaratibu ambao Watanzania wengi wanaufahamu kwa jina la "kopa ng'ombe, lipa ng'ombe": unapewa mtamba mwenye mimba, akizaa jike unampa jirani. Utaratibu huo umebadilisha maisha ya kaya nyingi Kilimanjaro, Iringa na Mbeya.

Kwetu Rukwa mambo yalikwenda taratibu. Mkoa wenyewe ulianzishwa mwaka 1974, na kwa miaka mingi barabara ya kutoka Tunduma ilikuwa adhabu. Dume la kisasa likifika lilikuwa moja kwa vijiji vingi. Dume moja likipanda kwa zamu linatosheleza ng'ombe wachache tu kwa mwaka, na likitembezwa kutoka zizi hadi zizi linabeba magonjwa, yakiwemo yale ya kutupa mimba. Tena likiugua ndigana kali, mbegu yote ya kijiji imekwenda nalo.

Mbegu iliyogandishwa

Hapo ndipo uhimilishaji ulipokuja kuwa mkombozi: mbegu ya dume moja bora igawanywe mirija mingi, isafirishwe, dume lenyewe libaki kwake. Majirani zetu Kenya walianza mwaka 1935, na mwaka 1946 kikafunguliwa kituo cha kitaifa cha kukusanya mbegu pale Kabete. Tatizo la wakati huo lilikuwa kwamba mbegu haikudumu. Ilikuwa lazima itumike ndani ya siku chache, kwa hiyo ilifika tu mahali palipokuwa na barabara au reli nzuri.

Ufumbuzi ulitokana na kosa la chupa. Mwaka 1949, Uingereza, Christopher Polge na wenzake walikuwa wakijaribu kugandisha mbegu za kuku wakitumia maji ya sukari. Siku moja walitumia chupa waliyodhani ni ileile ya sukari, na ghafla mbegu zikaamka zikiwa hai baada ya kuyeyushwa. Walipoichunguza chupa hiyo wakakuta ina gliserini. Lebo zilikuwa zimechanganywa. Ndani ya miaka michache ndama wa kwanza wa mbegu iliyogandishwa akazaliwa, na baadaye naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, ikawezesha mbegu kukaa miaka na miaka. Dume linaweza kufa leo na bado likapata ndama muongo ujao.

Nchini kwetu kazi hiyo inasimamiwa na Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, NAIC, Usa River mkoani Arusha, ambacho kinafuga madume, kinakusanya na kugandisha mbegu, na kinafundisha wahimilishaji. Kuna vituo vya kanda pia, kikiwemo cha Mbeya, zaidi ya kilomita 300 kutoka Sumbawanga.

Sasa tazameni jinsi uhimilishaji unavyodai hesabu. Ng'ombe ambaye hana mimba hurudia joto kila baada ya siku 21 hivi. Joto lenyewe hudumu saa chache, si siku nzima. Kanuni ya wahimilishaji ni hii: akionekana asubuhi, ahudumiwe jioni, akionekana jioni, ahudumiwe kesho asubuhi. Kwa hiyo mfugaji lazima amwone, apige simu, mhimilishaji awepo, mtungi uwe na hewa baridi, na pikipiki iwe na mafuta, yote katika nusu siku. Kiungo kimoja kikikosekana, siku 21 zimepotea. Na hewa baridi haiogopi risiti: inavukiza kila siku ndani ya mtungi, ng'ombe awe amehudumiwa au hajahudumiwa. Mtungi ukiachwa ukakauka, mbegu zote zilizomo zimekufa, hata kama kwa macho mirija inaonekana vilevile. Mitungi ya msaada imekauka namna hiyo sehemu nyingi za Afrika, kwa sababu waliochangia walinunua chombo na kusahau kinachokijaza.

Yai nalo latoka zizini

Uhimilishaji unasambaza ubora wa baba. Je, ubora wa mama? Ng'ombe jike bora sana, kwa njia ya kawaida, huacha ndama wachache tu maishani, na nusu yao ni madume. Ndipo wataalamu wakageukia yai.

Mwaka 1951 watafiti wa Wisconsin, Marekani, walitangaza kwamba wametoa kiinitete kwa ng'ombe mmoja, wakakipandikiza kwa mwingine, na ndama amezaliwa. Huo ndio uhawilishaji wa viinitete: mama wa damu ni mmoja, mama wa mimba ni mwingine. Lakini mimba yenyewe ilikuwa bado inatungwa ndani ya tumbo la ng'ombe.

Kutunga mimba nje ya mwili kulichelewa, kwa sababu mbegu ya dume ikitolewa tu haiwezi kulipenya yai. Ni lazima kwanza iive kwa muda ndani ya njia ya uzazi ya jike. Siri hiyo iligunduliwa mwaka 1951 na watafiti wawili, kila mmoja kwa wakati wake, M. C. Chang na C. R. Austin. Mwaka 1959 Chang akafanikiwa kwa sungura. Binadamu akatangulia ng'ombe: Louise Brown alizaliwa Uingereza Julai 1978. Ndama wa kwanza wa chupa, dume aliyeitwa Virgil, alizaliwa Juni 1981 Pennsylvania, Marekani, kwa kazi ya Benjamin Brackett na wenzake.

Miaka ya mwanzo mayai mengi ya utafiti yalitoka machinjioni. Ng'ombe akishachinjwa, ovari zilizokuwa zikitupwa ziliokotwa, zikapelekwa maabara zikiwa na joto lake. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1988, Wadachi walipoonyesha namna ya kuchukua mayai kwa ng'ombe aliye hai na mzima. Ng'ombe hupewa ganzi karibu na mkia, kifaa cha mawimbi ya sauti huonyesha ovari kwenye kioo, na sindano ndefu hufyonza majimaji ya vifuko vya mayai. Mayai huivishwa kwa takriban siku nzima kwenye kabati lenye joto la mwili wa ng'ombe, huchanganywa na mbegu iliyoandaliwa, kisha viinitete hulelewa hadi siku ya saba. Ndipo hupandikizwa kwa ng'ombe mwingine ambaye naye alikuwa kwenye joto siku saba zilizopita. Mayai mengi hayafiki mwisho wa safari. Kwa kawaida theluthi moja hivi ndiyo huwa viinitete vya kupandikizwa, na katika vilivyopandikizwa, vinavyoshika mimba mara nyingi havifiki nusu.

Nchi iliyoichukua teknolojia hii kwa ari kubwa ni Brazil, na sababu mojawapo ni ya kutufurahisha: zebu, ng'ombe mwenye nundu, kwa kawaida hutoa mayai mengi kwa mara moja kuliko ng'ombe wa Ulaya. Tangu katikati ya muongo uliopita, viinitete vya maabara vinavyozalishwa duniani vimevipita vile vya njia ya zamani. Nairobi, watafiti wa chuo kikuu na wa ILRI wamefanya kazi hiyo kwa Boran na Sahiwal. Hapa nchini, Mpwapwa na Usa River zimejishughulisha na uhawilishaji wa viinitete. Kwa hiyo kijana wetu hakuuliza ndoto. Aliuliza jambo lililokwishafika jirani.

Siku 82

Sasa tufungue leja. Ng'ombe hubeba mimba siku 283 hivi. Tukitaka azae kila mwaka, 365 toa 283, zinabaki siku 82. Hizo ndizo siku zote alizonazo tangu azae hadi ashike mimba nyingine. Toa siku 40 za mfuko wa uzazi kurudi katika hali yake. Zinabaki 42. Gawanya kwa 21. Ng'ombe wetu ana nafasi mbili tu za joto. Zikimpita zote mbili, mwaka wa mapato umeanza kuliwa, na kila joto linalokosekana baadaye ni siku nyingine 21 za kulisha mali isiyozalisha.

Hapa ndipo njia ya chupa inapong'aa. Ovari huanza tena kazi mapema baada ya kuzaa, hata kabla mfugaji hajaona dalili za joto, na mayai yanaweza kuchukuliwa bila kusubiri mfuko wa uzazi upone, kwa sababu hautatumika. Mama bora anajiuguza huku ng'ombe wengine wakimbebea watoto. Zoezi laweza kurudiwa kila baada ya wiki mbili. Kwenye karatasi, tatizo la siku 82 limekwisha.

Lakini kuna jambo maabara haijalikwepa. Mwaka 1991 mtaalamu wa Marekani, Jack Britt, alitoa hoja kwamba yai linaanza kukua wiki nyingi kabla ya kupevuka, na yai lililokua katika wiki ambazo ng'ombe aliyezaa anakonda litakuwa hafifu, hata kama siku linapotoka ng'ombe ameshanenepa. Tafiti nyingi za baadaye zimeonyesha kwamba ng'ombe anayepoteza mwili baada ya kuzaa hutoa viinitete dhaifu zaidi. Kwa lugha ya nyumbani: njaa ya Septemba inaonekana kwenye yai la Desemba. Sindano ya maelfu ya dola italifyonza yai hilo hilo lenye njaa.

Hapo tunalazimika kusimulia yetu. Sisi ndugu wa nyumba moja, tuliotawanyika Dar es Salaam, Mbeya na Dodoma, tulichanga tukamnunulia mama mtamba chotara. Alizaa salama, tukatumiwa picha, tukafurahi. Kisha tukaanza kuuliza kila mwezi kwa simu: ameshapandwa? "Bado wanangu, sijamwona akihangaika." Mwaka ukapita. Tukafanya kikao cha simu, sisi wataalamu wa mijini, tukaamua kwamba ni tasa, anakula bure, auzwe. Aliuzwa kwa bei ya nyama. Jioni ya siku ile kijana wa machinjioni akamletea mama habari: tumboni mlikuwa na ndama aliyekwishaota manyoya. Dume la jirani lilimpanda malishoni, na hakuna aliyeona, wala aliyepima, wala aliyeandika.

Mama hakutulaumu. Alituuliza swali moja tu: "Ninyi mliosomea hesabu, mbona hamkuniambia niandike?"

Hatukuwa na jibu, na katika kazi zetu hakuna hata mmoja wetu angethubutu kufuta mali kwenye vitabu bila kuikagua. Tulimfutia mama yetu ng'ombe wawili kwa siku moja kwa sababu hakukuwa na daftari la shilingi mia chache. Tunajua hatuko peke yetu. Ng'ombe wenye mimba huchinjwa katika machinjio mengi nchini kwa sababu hiyo hiyo.

Tuchange nini?

Jibu letu kwa kijana ni hili: chama kisichange fedha za maabara sasa. Maabara ya namna hiyo inataka mtaalamu wa kudumu, vifaa vya bei kubwa, na umeme usiokatika siku saba mfululizo, nasi watu wa Sumbawanga, ambao kwa miaka mingi umeme wetu umenunuliwa Zambia, tunajua maana ya sharti hilo. Zaidi ya yote inataka ng'ombe wanaojulikana. Kila kiinitete kinahitaji mama wa kukibeba ambaye tarehe yake ya kuzaa imeandikwa, joto lake limeonekana, na mwili wake una afya. Bila hao, kiinitete cha Brazil kitafia Chanji.

Lakini hatusemi "haiwezekani". Tunasema tujenge ngazi ya chini, ambayo inalipa yenyewe hata kama ya juu haitafika karibuni. Ndiyo maana kamati inapendekeza mchango wa mwaka huu uelekezwe katika mambo manne.

La kwanza, daftari la uzazi kwa kila kaya yenye ng'ombe: jina la ng'ombe au namba ya hereni, tarehe ya kuzaa, tarehe ya joto, tarehe ya kupandwa na dume gani, tarehe ya kupimwa mimba. Sheria ya utambuzi na usajili wa mifugo ipo tangu mwaka 2010, na hereni zimeshaanza kuvalishwa. Daftari litaipa hereni maana. Watoto wa shule ndio watakaokuwa makarani wa zizi.

La pili, vijana wawili wa Chanji wapelekwe kusomea uhimilishaji, na wakirudi wakute mtungi. Tunaomba mlielewe hili vizuri: mtungi hununuliwa mara moja, ila hewa baridi hununuliwa daima. Kwa hiyo hatutaki ahadi kubwa ya siku ya harambee peke yake. Tunataka ahadi ndogo ya kila mwezi, iliyoandikwa na kutimizwa. Bila ahadi hizo, kamati haitanunua mtungi.

La tatu, upimaji wa mimba kwa mtaalamu, na makubaliano ya wana-Chanji wote kwamba hakuna ng'ombe jike atakayeuzwa kwa kuchinjwa kabla ya kupimwa. Hili halina gharama kubwa. Linahitaji neno letu tu.

La nne, lishe ya ng'ombe aliyezaa. Mkoa wetu unavuna mahindi na alizeti kwa wingi. Mabua tunayochoma, pumba na mashudu tunayouza kwa bei ya kutupa, ndiyo yatakayoamua kama zile nafasi mbili za joto zitaonekana au zitapita kimya.

Na jambo moja la kulinda. Tunapoleta mbegu ya nje, tusimmalize ng'ombe wa Kifipa. Chotara wa kisasa asiyechanjwa ndigana kali hufa haraka. Chanjo yake ipo, iliyofanyiwa kazi pale pale Muguga, na iwe sharti kwa kila atakayepokea mbegu bora. Lakini kaya kadhaa zibaki na majike safi ya Kifipa na madume yaliyochaguliwa kwa daftari badala ya macho. Siku teknolojia ya viinitete itakapofika kwetu, hao ndio watakaobeba mimba na kumpa ndama mgeni dang'a, yale maziwa ya kwanza yenye kinga ya mazingira ya hapa. Na huenda kwa teknolojia hiyohiyo tukawahifadhi wao wenyewe. Babu zetu waliwavusha ng'ombe hawa baada ya sotoka. Isije ikaandikwa kwamba sisi wenye digrii ndio tuliowapoteza.

Mchanganuo wa bajeti uko kurasa za nyuma ya kijitabu hiki, pamoja na fomu ya ahadi ya kila mwezi. Taarifa ya matumizi itasomwa kila robo mwaka, kwa wale wa nyumbani na kwa wale wa mbali. Ukaguzi utafanywa na mwanachama asiye wa kamati.

Yule kijana aliyeuliza swali tumemwomba awe wa kwanza kuorodhesha ng'ombe wa kwao. Amekubali. Juzi ametutumia picha ya ukurasa wa kwanza wa daftari: jina la ng'ombe, na tarehe aliyozaa. Safu nyingine bado ni tupu. Tuchangieni, ili zijae.